Maini Hayakunitibu

Jumamosi, saa tisa na robo alasiri. Jua linachoma mabati, upepo hakuna hata wa kutikisa kanga kwenye kamba. Nimefunga mlango wa chumba changu, na moyo ni mzito.

Leo sina muda wa maneno mengi. Binti yangu Zulfa anatoka saa kumi na moja kupeleka bajaji barabarani, na mpaka hapo niwe nimemaliza kuandika. Nisipomaliza, ataendesha mpaka Isha kama kawaida yake. Na Zulfa magharibi haoni.

Nimeliandika. Sasa siwezi kulifuta.

Wanaonijua wanajua kwamba nikikaa chini lazima nijisifu kwanza, basi acha nijisifu hamu iniishe. Mie ni Fundi Shomari wa Kiwalani. Shule niliishia darasa la nne, lakini wahandisi wenye vyeti vya kutundika ukutani wamenifuata hapa uani kuniuliza bomba limepita wapi. Nimelaza mabomba miaka arobaini. Zile nyumba za Tegeta zilipoanza kuota, nusu ya vyoo vyake nimeviunga mie. Naweka sikio ukutani nakwambia panapovuja. Naingiza mkono chini ya sinki bila tochi, nafungua koki, nabadilisha mpira, nafunga, na mwenye nyumba bado anatafuta betri. Watu walikuwaga wanaitana kuja kutazama. "Huyu mzee ana macho kwenye vidole," walisema.

Nami nilicheka nao. Hakuna aliyejiuliza kwa nini fundi mzima hana tochi.

Sina tochi kwa sababu tochi hainisaidii sana. Inanionyesha kile kilicho mbele ya pua, pembeni kote giza. Tangu utoto wangu, jua likizama na mimi nazama nalo. Mchana nasoma gazeti, nahesabu nyuzi za bomba, naona vizuri kama nachungulia kwenye mwanzi: kilicho mbele safi, cha pembeni sikijui mpaka nikigonge. Hizi ndoo za hapa uani nimezipiga mateke mpaka zimenizoea.

Marehemu mke wangu alijua. Ni yeye peke yake. Magharibi ikiingia alikuwa anakuja kusimama karibu yangu bila kusema kitu, nami nikashika ncha ya mtandio wake tukaingia ndani. Miaka yote ile hakuwahi kunitania kwa hilo, na yeye alikuwa bingwa wa utani. Tangu amefariki, miaka mitatu sasa, nimejitafutia njia yangu.

Njia yangu ni msikiti.

Naenda mapema, jua bado liko juu ya mabati. Naswali Maghribi, halafu sitoki. Wenzangu wanarudi kula, wanakwenda kwenye kahawa, mie nimekaa na tasbihi mpaka Isha. Baada ya Isha namwekea mkono begani jirani yangu Mzee Kassimu, naanza kumweleza habari za dini, namweleza mpaka mlangoni kwangu. Yeye anadhani anapata mawaidha. Mwaka huu imamu amenisifu mbele ya watu siku ya Ijumaa, akawaambia vijana watazame mfano wa Mzee Shomari asiyeukimbia msikiti baina ya swala mbili. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Mola anisamehe. Nilikuwa nasubiri bega.

Sasa nieleze ilivyoanza, maana bila hivyo hamtaelewa nilichomfanyia mwanangu.

Nimezaliwa Kimbiji. Nilipokuwa na miaka kama kumi na mbili, bibi yangu aligundua kwamba magharibi najikwaa. Kwa wakati ule kila mtu alijua dawa: maini ya mbuzi. Unachomewa, unafunikwa kanga juu ya moshi wake macho wazi, halafu unakula yote. Mbuzi tuliyekuwa naye ni mmoja, na alikuwa amewekwa kwa hitima ya marehemu babu. Bibi akasema babu atangoja, macho ya mtoto hayangoji. Mbuzi akachinjwa. Watu wakaja, dua ikasomwa, mie nikafunikwa nikatoka machozi kwa moshi, nikala maini mpaka nikakaribia kutapika.

Kesho yake magharibi wakanitoa uani kunijaribu. Ukoo wote umekaa. Bibi akainua kitu mkononi, akaniuliza, "Shomari, nimeshika nini?"

Sikuona mkono wala bibi. Lakini nilisikia kitu cha udongo kikigusa bangili yake.

Nikasema, "Kikombe."

Vigelegele mpaka kwa majirani. Bibi alilia, akanikumbatia. Ningesema nini, na mbuzi wa hitima ameshaliwa? Tangu siku hiyo nimeponywa na maini. Nimelisema jambo hilo mara nyingi mno, mpaka siku nyingine nasahau kwamba ni uwongo.

Na kwenye ukurasa huu huu wa mtandaoni, mwaka juzi, niliandika. Zulfa mwenyewe alinifungulia ukurasa, akasema baba andika, utaacha kugombana na redio. Nikaandika habari ya dawa ya maini na jinsi ilivyonirudishia macho ya mwewe. Mkaisoma sana. Wengine mliniandikia ahsante.

Ahsante hizo zimenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Niliandika kwa sababu ya Zulfa. Alikuwa ameanza kulalamika kwamba jioni barabara inamtoweka pembeni. Niliposikia tu, nilijua ni nini. Badala ya kusema, nikamwambia nilivyoambiwa na bibi. Kula maini mwanangu, mie yalinitibu. Akala. Anakula mara tatu kwa wiki, miaka miwili sasa, na kila nikimwuliza anajibu, "Naona afadhali, baba." Nikimsikia anasema afadhali, najisikia mie mwenyewe na kikombe changu.

Wiki iliyopita, Alhamisi, adhana ya Maghribi imeshatolewa, Zulfa amepakia kina mama wawili. Mtu wa mkokoteni wa maji akatokea pembeni na madumu yake. Taa ya bajaji inawaka mbele, yule yuko kando. Zulfa anasema hakumwona kabisa, alisikia tu kishindo. Mtu akaanguka, mguu ukachanika. Alhamdulillahi hakuvunjika, yuko kwake anaugulia na ametusamehe. Lakini kesho yake mchana, kijiweni kwao, vijana wenzake hawakumwacha. "Dada Zulfa, bajaji yako ina taa, dereva ndiye hana." Akacheka nao kama mie nilivyokuwa nacheka na watu wa Tegeta. Nilimwona anavyocheka. Nikajua kicheko hicho kimetoka wapi.

Jumatano hii nilimsindikiza kliniki ya macho. Daktari ni binti mdogo wa bara, Dokta Neema, shikamoo yake imenyooka, mkono wake mwepesi. Akamtia Zulfa matone, akampiga picha ya nyuma ya jicho, akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Nyuma ya jicho, alisema, kuna pazia ambalo mwanga hutua juu yake. La Zulfa lilikuwa na madoa meusi pembezoni, kama miguu ya buibui aliyekanyagwa. Dokta akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo asiyeona jioni.

Zulfa akanigeukia. Nami kabla hajafungua mdomo nikasema hakuna. Ukoo wetu ni macho ya mwewe. Mie kidogo nilisumbuliwa utotoni, maini yakanitibu.

Yule binti akaandika nilichosema. Hakubisha. Akamwambia Zulfa asiendeshe jua likishuka, mpaka vipimo vikamilike. Tulipofika nje Zulfa akasema, "Lakini wewe ulipona, baba. Nami nitapona. Jumamosi narudi barabarani."

Jumamosi ndiyo leo.

Jana nilirudi kliniki peke yangu. Niliingia kwa ubishi. Nilimwambia Dokta sikuja kupimwa, nimekuja anieleze, maana mie mtu wa mabomba na kitu nisichokijua kinavyofanya kazi ndani sikiamini. Nikamwambia naijua mifumo ya maji ya majumba marefu, huo wa jicho hautanishinda. Akacheka. Akavuta kiti, akachukua karatasi.

Alichonieleza nakiandika nilivyokipokea. Kama nimekosea, kosa ni langu.

Kwenye lile pazia kuna seli nyingi sana, na zile za kuonea penye mwanga mdogo zinaitwa vijiti, kwa umbo lao. Kila kijiti ndani yake vimepangwa vitandiko vyembamba, kimoja juu ya kingine kama sahani kabatini. Kwenye hizo sahani kumechomekwa protini inayopokea mwanga. Jina lake rodopsini. Nimelirudia njiani mpaka nyumbani nisilisahau. Hiyo rodopsini imekumbatia katikati yake kipande kidogo kilichopinda kama kiwiko, na kipande hicho mwili unakitengeneza kutokana na vitamini A, ile iliyomo kwenye maini na karoti na mboga za majani.

Mwanga ukija, hata punje moja ya mwanga, kile kiwiko kinanyooka. Hiyo tu ndiyo kazi ya mwanga, kunyoosha kiwiko. Yaliyobaki seli inayafanya yenyewe.

Kikinyooka, kinaisukuma protini iliyokikumbatia, nayo inabadilika umbo. Ikibadilika, inawaamsha matarishi. Dokta alitumia neno lingine, mie nimewaita matarishi kwa sababu kazi yao ni kupeleka agizo. Rodopsini moja inaamsha matarishi wengi, mmoja baada ya mwingine. Kila tarishi anakwenda kumwamsha mwenye mkasi, na kila mwenye mkasi anakata vitu vingi mno kwa mara moja. Kwa hiyo punje moja ya mwanga inaingia mlangoni imenong'ona, ikifika ndani imekuwa kelele ya mtaa mzima. Nilimwuliza kwani kuna pampu. Akasema ndiyo, mzee, hiyo ndiyo pampu yake.

Na hao wenye mikasi wanakata nini? Kwenye ukuta wa seli kuna koki. Gizani koki hizo zimeshikiliwa wazi na vijumbe vidogo, na chumvi inaingia muda wote kwa sababu ziko wazi. Mikasi inakata vile vijumbe. Koki zinakosa wa kuzishikilia, zinafunga. Chumvi haiingii tena, umeme wa seli unabadilika, na seli inaacha kumwagia jirani yake kemikali iliyokuwa inammwagia.

Hapo nikamkatisha. Nilisema mwanangu umekosea. Mwanga umekuja, ndiyo habari yenyewe, sasa koki inafungwaje? Habari hupelekwa kwa kufungua. Mie siwezi kumpelekea mtu maji kwa kufunga bomba.

Akasema wanafunzi wote wanabisha hapo hapo. Gizani seli haijanyamaza, inamwaga kemikali bila kupumzika. Mwanga ukiigusa inanyamaza, na seli inayofuata inaelewa kutokana na huko kunyamaza.

Halafu likanijia. Nikamwambia Dokta, hilo ni boya.

Kwenye tangi la maji juu ya nyumba kuna boya. Maji yakiwa yanaingia, nyumba nzima inasikia yanavyochuruzika. Yakijaa, boya linanyanyuka, koki inafunga, sauti inakatika. Na ni wakati sauti inapokatika ndipo mama aliye jikoni anajua tangi limejaa, bila kupanda kutazama. Dokta Neema akaweka kalamu chini. Akaniomba ruhusa awaelezee hivyo wanafunzi wake. Nimempa ruhusa. Andikeni kwamba ni ya Fundi Shomari wa Kiwalani.

Nilifurahi, kweli nilifurahi. Dakika kama mbili nilisahau kilichonileta.

Halafu nikamwuliza kuhusu maini, ndilo lililokuwa linanitafuna. Maana nawajua watu waliopona kwa maini, sikuwaota. Akasema ni kweli, wapo. Mtu aliyekosa vitamini A anakosa kile kiwiko. Protini zake nzima lakini mikono mitupu, hazina cha kukumbatia. Mpe maini, viwiko vinapatikana, anaona. Akasema pia kiwiko kikishanyooka hutolewa, kikapindwe upya kirudishwe, na hilo linachukua muda. Ndiyo maana hata mtu mwenye macho mazima akitoka juani akaingia chumba cha giza hukaa kwanza haoni kitu.

Lakini Zulfa, alisema, inaonekana tatizo lake si kiwiko. Anadhani protini yenyewe, ile rodopsini, imetengenezwa vibaya tangu kwenye ramani ya mwili. Haikunjiki inavyotakiwa, inakwama njiani, inalundikana ndani ya seli, na seli inachoka kidogo kidogo mpaka inakufa. Zinatangulia za pembezoni, zile za jioni. Viwiko anavyo vya kutosha. Umwongezee maini ya ng'ombe mzima, unaleta koki mpya kwenye nyumba ambayo ukuta umeoza. Hayo ya koki na ukuta ni maneno yangu, lakini Dokta aliyakubali.

Na ramani hiyo, alisema, mara nyingi inatoka kwa mzazi mmoja. Kila mtoto anayezaliwa, ni nusu kwa nusu.

Akaniuliza taratibu, "Na baba yako, mzee, jioni alikuwa anaonaje?"

Nikaanza jibu langu. Baba yangu alikuwa na macho ya mwewe...

Sikumaliza.

Baba yangu kila jioni alikuwa akiniita, mie tu kati ya watoto wake, tutembee kutoka shambani mpaka nyumbani. Mkono wake begani kwangu, mzito, unanibana. Alinisimulia mambo njia nzima. Kaka zangu walinionea wivu. Nimekwenda na heshima hiyo maisha yangu yote, kwamba mie ndiye niliyependwa. Usiku aliokufa bibi, baba hakutoka nje kwenye msiba, na watu walimsema kwamba ana moyo mgumu.

Pengine baba alinipenda pia. Mtu anaweza kuhitaji bega na akampenda mwenye bega, sijui. Lakini nilijiona mie na Mzee Kassimu tunatoka msikitini, na midomo yangu inasema mambo ya dini.

Nikamwambia Dokta, nitie matone.

Picha yangu ilipotokea kwenye kioo sikuhitaji kuelezwa. Buibui wale wale. Wa kwangu wamejaa zaidi, wamezeeka na mie. Akachukua damu ya kupeleka kipimo cha ukoo, akasema majibu yatachelewa, ila alichokiona kinamtosha kunikataza kiburi. Alisema hivyo hivyo, kunikataza kiburi. Dawa ya kurudisha seli zilizokufa hana. Ana miwani ya jua, ana mpango wa kupima kila mara, ana ushauri wa kazi ya mchana. Nilimwuliza kama nina kosa la kumpa mwanangu ugonjwa.

Akasema, "Kwa kumrithisha sikulaumu, mzee. Ila yuko barabarani."

Leo baada ya Adhuhuri nilimwita Zulfa hapa chumbani. Nimefanya kazi ngumu maishani, nimeingia kwenye mashimo ya vyoo watu wengine wametapika nje, lakini sijawahi kuona kazi kama ile ya kufungua mdomo. Nilimweleza yote. Kikombe, tochi, msikiti, mtandio wa mama yake. Nilimwambia hutapona, mwanangu, kwa sababu mie sikupona. Usiendeshe jioni. Chukua abiria wa asubuhi, wa sokoni, wa shule, jua likianza kulegea urudi.

Nilitegemea atalia. Nilishajiandaa kumbembeleza.

Hakulia. Alikaa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Kisha akauliza, "Ulijua tangu lini kwamba na mimi ninao?"

Nikasema tangu siku ya kwanza uliponilalamikia.

"Miaka miwili."

Nikasema ndiyo.

Akainuka. Nilidhani anatoka, akasimama mlangoni ananipa mgongo. "Mwaka juzi uliapa umepona, ukaniandikia na kwenye mtandao. Jumatano ukamwapia daktari. Leo unaniapia hukupona. Nikushike kwa lipi, baba? Labda umezeeka sasa ndiyo huoni, unataka na mie nikae ndani nikuongoze."

Hilo lilinichoma, na alikuwa na haki nalo.

Nikamwambia nitaapa kwa msahafu. Akasema usiapie msahafu, umeshauapia sana. Akageuka akaniangalia usoni. "Andika. Pale pale ulipoandika maini. Watu wako wote wasome, imamu asome, Mzee Kassimu asome. Mtu kama wewe hawezi kujiaibisha bure. Nikiiona pale kabla ya saa kumi na moja, nitajua ni kweli, na leo sitoki. Nisipoiona, natoka."

Akaenda kuosha bajaji. Namsikia hapo nje anamwaga maji.

Saa tisa nilifungua simu hii. Mara ya kwanza niliandika kwamba nimepata rafiki mwenye tatizo la macho. Nikafuta. Mara ya pili niliandika kwamba macho yangu yamepungua kwa uzee. Nikafuta. Ni ajabu jinsi uwongo unavyotoka kwa herufi safi, haukosei hata nukta, na hili la kweli nimelirudia kila mstari kwa kidole kimoja mpaka kidole kinauma.

Basi hili hapa. Mie Shomari sikupona. Sijapata kuona jioni tangu nizaliwe. Nyie mlioniandikia ahsante, kama maini yamewasaidia, endeleeni kula, macho yenu yalikosa vitamini na mmeipata. Kama mmekula miezi na miezi na bado jioni mnajikwaa, acheni kunisikiliza mie. Nendeni kliniki ya macho, wawatie matone, wawatazame nyuma ya jicho. Na wakiwauliza kuhusu ukoo, msijibu kama nilivyojibu. Kawaulizeni wazee wenu. Mkiona mzee ana sababu nzuri sana ya kutotoka nje magharibi, mwulizeni tena.

Imamu, ile sifa ya Ijumaa naomba uirudishe. Ukiitangua mbele ya watu nitakuwepo. Mzee Kassimu, ndugu yangu, mawaidha mengine nilikuwa nayabuni nisikuachie nafasi ya kuondoka. Ukikubali bado nitahitaji bega lako, safari hii kwa kuomba.

Saa kumi na dakika kumi. Nimeituma, Zulfa akaisomea uani, halafu akaingia na simu yake mkononi, viganja bado vina povu. Hakuniambia ahsante, wala hakuniambia amenisamehe. Alisema kuna mtu sijamwandika, niirekebishe.

Nilimwuliza nani.

"Shamimu."

Shamimu ni mwanawe, mjukuu wangu, ana miaka saba. Zulfa akakaa kitandani kwangu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mwezi uliopita mtoto alikataa kwenda dukani magharibi. Alisema anaogopa. Yeye akamchapa akidhani ni uvivu.

Tumekaa hivyo, mie na mwanangu, bajaji iko uani imeoshwa na haiendi popote.

Kwa hiyo naongeza hapa hapa, na hili ndilo la mwisho. Jumatatu asubuhi nampeleka Shamimu kwa Dokta Neema, mie mwenyewe, mchana kweupe. Nusu kwa nusu, alisema. Nitaomba dua usiku huu na kesho siku nzima. Na ikiwa wale buibui wapo, mtoto ataniuliza kawatoa wapi, maana ni mdadisi kuliko mama yake.

Nitamwambia, kwangu.